Ufunguo wa Nyumba ya Moto

Mama mkwe wangu hataki moto upulizwe kwa mdomo. Niliolewa bila kuambiwa. Asubuhi yangu ya kwanza pale kijijini nilipiga magoti mbele ya mafiga, nikajaza pumzi mashavuni, na kabla sijaitoa nikapigwa kofi la begani. "Jenipha! Unautemea mate moto?" Nikabaki nimevimba mashavu kama chura, bibi harusi wa jana, huku mawifi wananicheka mlangoni. Akanipa ungo mkuukuu uliotoboka, nikapepea.

Hayo hayakuwa yote. Moto wa mama mkwe wangu huyo, Mama Milembe, hauzimwi kwa maji. Unafukiwa majivu ulale. Magamba ya samaki hayatupwi humo, wala manyoya ya kuku, wala nywele zilizobaki kwenye kitana. Kuni zinafutwa vumbi kwa kitambaa kabla hazijaingia mafigani, kama watoto wanaopelekwa misa ya Krismasi. Majirani walidhani ni mwiko wa ukoo. Niliwauliza wanaukoo, nao walidhani ni mambo ya kanisa. Nikamwuliza katekista, akasema kanisa halina habari na magamba ya samaki.

Mimi nina duka la vyombo Bariadi mjini. Nauza masufuria, ndoo na chupa za chai, na zaidi ya yote nauza majiko ya gesi. Nimewahi kumuuzia jiko la gesi mzee aliyekuja kununua jembe. Simiyu nzima ni mwanamke mmoja tu aliyenishinda, na ndiye aliyemzaa mume wangu. Jiko nililompelekea alilifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake picha ya Bikira Maria.

Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba miiko ile yote ilitoka Nyumba ya Moto.

Nyuma ya kijiji chetu, upande wa Mwamanyili ambako mashamba ya pamba yanateremka kuelekea ziwani, kulikuwa na kinu cha kuchambua pamba. Siku hizi zimebaki kuta na mtambo mmoja wenye kutu ambao mbuzi wanapenda kuupanda. Karibu na hapo, ndani ya uzio wa minyaa, kuna kijumba cha mawe, ndiyo Nyumba ya Moto yenyewe. Alikijenga fundi mkuu wa mitambo, Bwana Dinshaw, enzi za mkoloni. Alikuwa Mhindi, lakini si wa msikitini na si wa kuabudu sanamu. Alikuwa Mparsi, mtu wa dini ya kale iliyotoka Uajemi. Watu hao husali mbele ya moto na kuutunza usizimike, kwa kuwa kwao hakuna kitu kisafi kama moto, na usafi huo ndio unaowakumbusha Mungu. Kila siku Bwana Dinshaw alinawa, akavaa nguo nyeupe, akaingia. Mkewe naye aliingia, na binti yao. Mtu asiye wa dini yao hakuruhusiwa hata kuutazama huo moto. Mzee Shigela, baba yake Mama Milembe, ndiye aliyepeleka kuni, naye alizifuta vumbi, akaziweka kizingitini, akarudi nyuma.

Kinu kilipochukuliwa na ushirika, Wahindi wakafunga mizigo. Bwana Dinshaw alimkabidhi Shigela ufunguo, akamwambia, "Asiingie mtu." Hakusema mpaka lini. Shigela akafa, ufunguo ukaja kwa Milembe, na mtu hakuingia.

Nataka muelewe ninaposema hakuingia. Bati lilipooza, mama aliuza pamba, akanunua mabati mapya, akamwita fundi Marcelo. Akamwambia bati la zamani asiling'oe, maana akiling'oa atachungulia. Fundi akapigilia bati juu ya bati. Nalo likaoza, likapigiliwa jingine juu yake. Serikali ya kijiji ilipotaka kuifanya ghala la mbegu, mama alienda na kigoda chake na bakuli la choroko, akakaa mlangoni anachambua, na wajumbe wakaona aibu kumwinua. Vijana waliosikia kwamba Mjerumani alificha dhahabu humo walikuja na sururu. Aliwatimua kwa mwiko wa ugali. Na yeye mwenyewe, aliyeufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga yake, hakuwahi kuweka jicho kwenye tundu la kitasa.

Mwaka juzi presha ilimlaza hospitali, nikawa ninakaa naye mchana. Siku moja, nikidhani amesinzia, akasema, "Jenipha, sitaki kufa sijaiona ile nyumba ndani."

"Lakini mama, si ufunguo unao?"

"Ufunguo ninao. Ruhusa sina." Akageukia ukutani.

Nilimpenda siku ile mpaka nikamkasirikia.

Sasa, mume wangu Method anaendesha watalii. Huwachukua Lamadi na kuwaingiza Serengeti kwa geti la Ndabaka. Mwaka huu, mwezi wa saba, hoteli moja ya Lamadi ilimpigia simu: kuna bibi wa Kihindi ametoka Kanada, hataki tembo, hataki twiga, anataka dereva anayekijua kinu cha zamani cha pamba. Lamadi ukitaja kinu cha zamani watu wanamtaja Method, kwa sababu ya mama yake na lile paa lake. Method akaenda, akamwuliza bibi jina. Akasema anaitwa Freny, binti wa fundi Dinshaw, alizaliwa pale kinuni na kuondoka akiwa msichana. Halafu naye akauliza swali: je, kule kijijini bado yupo mtu anayeitwa Milembe?

Method alitoka nje ya hoteli kunipigia. Ni mtu mzima, ana kitambi na mvi za masharubu, na alikuwa analia kwenye simu kama amefiwa.

Nikafunga duka, nikapakia mchele, samaki sato na mtungi wa gesi, nikaenda kijijini kuandaa. Nilimkuta mama ameshaoga, amevaa kitenge cha Pasaka, anafagia kuizunguka Nyumba ya Moto. Palikuwa safi tangu asubuhi, lakini alikuwa anafagia tena.

"Nimekuletea gesi ya kupikia wageni," nikamwambia. "Leo moshi upumzike."

Sikutegemea akubali. Alikubali, tena haraka. Akaufukia moto wake majivu, akafunika na kigae, akaja kukaa karibu yangu nikikata vitunguu. Akawa anakunja pindo la kanga na kulikunjua.

"Unadhani ataniruhusu?" akauliza.

"Nitamwomba mimi, mama. Nitamweleza yote. Bati, wajumbe, sururu, yote."

"Usithubutu!" Akanishika mkono wenye kisu. "Sheria si yake, ni ya watu wao. Ukimwomba, atalazimika kukataa. Akikataa nitakuwa nimeikosa nyumba, na yeye nimemkosa. Bora nimpate yeye."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Tunyamaze."

Mimi kunyamaza si kazi yangu. Lakini niliahidi.

Gari lilipoingia uani mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amenyooka kama anasubiri kupigwa picha. Akashuka bibi mdogo, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkongojo mkononi na mkoba mkubwa begani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kumkaribisha, yakaniruka yote. Wale wawili wakatazamana.

"Mwadila, Milembe," akasalimia yule bibi, kwa Kisukuma kilichonyooka.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," yaani salama tu.

Kisha mama akasema, kwa sauti ya kugombeza kabisa, "Na yule simba? Bado ana meno?"

Bibi Freny aliangusha mkongojo. Akacheka, akalia, akashika uso wa mama kwa mikono yote miwili. Mama akamshika kiuno asije akaanguka. Method akaangalia pembeni, nami nikaenda kugeuza sato ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Habari ya simba tuliipata tukila. Zamani hizo, Freny akiingia kusali na wazazi wake, Milembe alimsubiri nje juu ya jiwe lililo karibu na mlango. Freny akitoka, ana alama ya majivu kwenye paji la uso, Milembe anauliza, "Kuna nini ndani?" Freny alikatazwa kusimulia. Basi akawa anatunga. "Kuna simba. Ana meno ya dhahabu. Amelala, usipige kelele." Kesho yake simba amepiga mwayo. Keshokutwa simba anaota ndoto. Milembe akaenda nyumbani akawaambia wadogo zake, na kwa muda mrefu watoto wa kijiji kizima walipita pale kwa kunyata.

"Uliniamini?" Bibi Freny akauliza.

"Siku za mwanzo," mama akasema. "Baadaye nilijua ni uongo. Lakini nikawa napenda tu kujua leo amefanya nini."

Pilau langu bibi alilionja kwa heshima, na sato akamdonoa. Alichokula ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, nilivyoviweka pembeni kwa ajili ya Method. Alivimaliza. Akasema alivitafuta Kanada nzima. Nilikuwa na maneno yangu yamenijaa mdomoni, ya kumwombea mama ruhusa, na kila nilipofungua kinywa mama alinifinya paja chini ya meza. Ninayo alama.

Baada ya chakula Method alijinyoosha kwenye jamvi akasinzia. Sisi wanawake tukaenda Nyumba ya Moto polepole, kwa mwendo wa mkongojo.

Bibi Freny alipoliona paa akasimama. "Mbona nene hivi?"

"Bati juu ya bati," nikasema. "Ili fundi asichungulie." Nikafinywa.

Bibi akalitazama tena lile paa. Akanawa uso na mikono kwa maji ya ndoo tuliyobeba, akajifunga mtandio mweupe kichwani. Mama akafungua pindo la kanga, akampa ufunguo kwa mikono miwili. Kitasa hakikulia hata kidogo. Mama alikuwa anakipaka mafuta ya ng'ombe kila mwezi. Bibi Freny akaingia peke yake. Mama akalisogelea lile jiwe lake la utotoni, akakaa, akaweka mikono magotini, akatazama mbele. Pale ndipo nilipomwona jinsi alivyokuwa mtoto.

Bibi hakukaa sana. Alitoka macho mekundu, mavumbi kwenye suruali.

"Hakuna kitu," akasema. "Majivu ya zamani na mavi ya popo. Moto haupo, Milembe." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha sura yake ikachangamka ghafla. "Lakini sasa sikiliza! Moto usipokuwepo, sheria haipo. Hii si nyumba ya ibada tena, ni nyumba tu. Unaweza kuingia. Njoo, ingia uone!"

Nikamshika mama kwapani nimwinue. Akawa mzito kama gunia la pamba mbichi.

"Nyumba tu?" akasema.

"Ndiyo. Nyumba tu."

"Sitaki kuona nyumba tu. Nyumba ninayo. Ina vyumba vitatu na sakafu ya sementi."

"Milembe..."

"Nimegombana na mwenyekiti wa kijiji kwa ajili ya nyumba tu? Pamba yangu imeishia kwenye mabati ya nyumba tu? Baba yangu alikufa ananiambia asiingie mtu, asiingie mtu, kwenye nyumba tu?" Akamnyooshea rafiki yake kidole. "Mimi nilitaka kuona ulichokuwa unakiona wewe."

Bibi Freny alinywea. Akakaa chini kwenye kizingiti, mkongojo mapajani.

"Nitauwasha," akasema mwisho. "Moto wa nyumbani mtu yeyote wa kwetu anaweza kuuwasha akausalia, hata bila kasisi. Nimekuja na vijiti vya msandali kwenye mkoba. Lakini nikiuwasha, Milembe..."

"Najua. Nitakaa nje."

"Utakaa nje."

"Nimezoea."

Niliwatazama vizee wale wawili, nikatamani kuwagonganisha vichwa. Moto usipokuwepo, mama anaruhusiwa kuingia lakini hakuna cha kuona. Moto ukiwepo, kipo cha kuona lakini haruhusiwi kuingia. Na wote wawili wamekubaliana, kwa adabu kabisa, kama watu wanaopangiana zamu ya kuteka maji. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nilinyamaza, lakini niliipiga ndoo teke.

Nikatoa kiberiti mfukoni. "Haya, washeni."

"Kiberiti?" mama akaniangalia kama nimetukana. "Moto wa kuanzia nyumba unapaliwa kwa jirani. Jirani yake ni mimi."

Basi tukarudi uani, mkongojo mbele. Jikoni mama akapiga magoti, akaondoa kigae, akasogeza majivu kwa kijiti. Chini yake makaa yalikuwa mekundu. Akachukua kuni nyembamba, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akaziweka. Akachukua ungo wake uliotoboka akapepea, uso ameugeuza pembeni ili pumzi yake isiufikie moto.

Bibi Freny alikuwa amesimama mlangoni. Nilisikia ameshusha pumzi.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba."

"Na yeye?"

"Alikuwa anamsikiliza baba yako akimgombeza mpishi wenu. Akasema, kama moto ni kitu cha heshima kwao, hauwezi kuwa kitu cha ovyo kwetu. Moto ni huohuo."

Bibi akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe cha mstatili chenye kamba, akakifunga usoni kufunika pua na mdomo. "Hiki tunavaa mbele ya moto," akasema nyuma ya kitambaa, "pumzi isiuguse."

Nikamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Miaka yangu yote ya ndoa, lile kofi la begani, kumbe ni kwa ajili ya kitambaa kile.

Msije mkadhani huo ni moto uleule wa Bwana Dinshaw. Mimi mwenyewe nilitaka iwe hivyo, ingekuwa hadithi tamu. Nikauliza, na mama, ambaye hajui kupamba, akasema hapana. Mvua za El Niño zilifurika jikoni moto ukafa, wakapalia kwa jirani yao Salu. Alipolazwa hospitali ukafa tena, wakapalia kwa mama Anna anayekaanga mandazi. Na kabla ya hapo uliwahi kutoka kwa mhunzi wa majembe. "Ni moto wa kuokotaokota," akamwambia rafiki yake, kwa aibu. "Kama haufai, useme."

Bibi Freny alivuta kitambaa chini tukamwona mdomo. "Unajua mioto yetu mikubwa kabisa, ile ya mahekalu ya India, inatengenezwaje? Makasisi wanakusanya moto wa mfinyanzi, wa mhunzi, wa mwoka mikate, wa majumba ya watu mbalimbali. Wanaisalia, wanaiunganisha, unakuwa mmoja." Akapandisha kitambaa. "Unafaa, Milembe. Lete."

Mama akateka makaa kwenye kigae kipana chenye majivu chini, akakibeba kifuani kwa kanga iliyokunjwa. Nilitaka kumpokea, akanikwepa. Tukaandamana tena, mimi nyuma na mzigo wa kuni, sijui nani alinipa.

Mlangoni mama akasimama ncha za vidole vya miguu zikiwa hasa kwenye kizingiti, pale pale alipokuwa akisimama baba yake. Bibi Freny akaingia, akageuka, akanyoosha mikono kupokea. Bila mkongojo alikuwa anayumba. Akakishika kigae. Kikainama. Kaa moja, lile kubwa kuliko yote, likateleza ukingoni, likaanguka ndani kwenye vumbi na mavi ya popo, likawa linabingirika.

Mama hakufikiri. Ninamjua, angefikiri tungekuwa tumesimama pale mpaka leo. Aliruka kizingiti, akainama, akaliokota lile kaa kwa vidole vitupu, akalirusharusha viganjani, akalifikisha kwenye meza ya mawe iliyo katikati ya chumba na kuliweka juu ya majivu ya zamani. Akampokonya rafiki yake kigae, akamimina makaa yaliyobaki. "Kuni!" akafoka. Nikazisukuma kuni kizingitini. Akazichukua, akazipanga. Bibi Freny akatia vijiti vyake vya msandali, na moshi wa kwanza ukapanda, unanukia mpaka nje kwangu. Mwali ukatokea.

Bibi akaanza sala yake. Ilikuwa ya kunong'ona, ya maneno yanayofuatana bila nafasi, lugha ambayo sijawahi kuisikia na sitaisikia tena. Akafungua kamba nyeupe ya sala aliyovaa kiunoni juu ya shati lake, akaishika kwa mikono.

Ndipo mama akagundua alipo.

Nilimwona mgongo ukikakamaa. Moto unawaka, sala inasomwa, na yeye yuko ndani. Akaanza kurudi nyuma kimyakimya, kinyumenyume, kama mtu aliyeingia chumba cha wakwe kwa bahati mbaya. Alikuwa anatazama chini. Naapa kwa Mungu, alikuwa anatazama chini, hataki kuiba hata kwa macho. Mimi nje machozi yalikuwa yananitoka, na kinywa nimekiziba kwa kanga, kwa sababu niliahidi.

Bibi Freny hakuweza kumwambia kitu. Sala yao ikianza haikatizwi kwa mazungumzo. Hakugeuka pia. Alitoa mkono mmoja kwenye ile kamba, akaupeleka nyuma, akapapasa hewani mpaka akaipata ncha ya kanga ya mama. Akaikamata. Akaendelea kusali, sauti ileile, mkono umeshikilia kanga.

Mama akasimama. Akangoja aachiwe. Hakuachiwa. Basi akarudi hatua ile aliyokuwa ameipiga, akasimama ubavuni kwa rafiki yake, na polepole akainua uso.

Mlango ule una mwinamo. Ukiachwa hujifunga wenyewe. Ulianza kurudi taratibu, nami ningeweza kuuzuia kwa kidole. Sikuuzuia. Ukafunga.

Nikakaa kwenye jiwe kusubiri. Mbuzi walikuwa kwenye mtambo wao. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, moshi wa msandali unapenya chini ya lile paa nene na kuvukia nje kidogokidogo. Nilifurahi kwa ajili yake mpaka kifua kikauma, na papo hapo, sifichi, nilikuwa naumwa na udadisi. Nimeuza gesi muda wote huo bila kujali moto unafananaje, na sasa nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza kuni zikilia ndani, natamani kupita kwenye tundu la kitasa.

Walipotoka jua lilikuwa limeanza kulegea. Moto walikuwa wameufukia majivu ulale. Wameshikana mikono, mkongojo upo mkono wa pili wa bibi, na kwenye paji la uso la mama, katikati kabisa, kulikuwa na alama ya majivu. Bibi Freny alikuwa nayo kama hiyo.

Mama akafunga mlango, akauangalia ufunguo, akamnyooshea rafiki yake. Bibi akakikunja kiganja cha mama ufunguo ukiwa ndani. Mama akaufunga kwenye pindo la kanga, palepale pake.

Sikuweza kuvumilia tena. Ahadi ilikuwa ya kutoomba. Ya kutouliza sikuitoa.

"Mama," nikasema, bado nimekaa juu ya jiwe. "Kuna nini ndani?"

Akanitazama kutoka juu, na macho yake yalikuwa ya msichana mdogo.

"Kuna simba," akasema. "Ana meno ya dhahabu."

"Amelala," Bibi Freny akadakia. "Usipige kelele."

Wakatangulia kwenda nyumbani, wanacheka na kusukumana mabega, wakaniacha pale na ndoo yangu.